Mdomo wa Refa

Tusidanganyane: yule bwana hakupendwa na mtu, na mara nyingi hakustahili kupendwa. Siku za kazi alikuwa msoma mita wa idara ya maji, yaani mtu anayeingia uani mwako na hodi ya nusu mdomo, anafunua mfuniko wa zege, anachungulia mita, ananuna, na ukiwa hujalipa anatoa spana mfukoni na kukufungia maji huku unamwangalia. Mwisho wa juma alikuwa refa wa ligi ya mtaa. Kwa hiyo wale aliowafungia maji Alhamisi ndio hao hao waliomzomea Jumamosi. Alilijua hilo, na nadhani lilimfurahisha. Walimwita Kadi, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuzichomoa. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita Baba Watoto, na akikasirika hata yeye alimwita Kadi.

Alizaliwa na ualbino. Ngozi yake haikuwa na kinga ya jua na macho yake yalikuwa hafifu tangu utotoni, hivyo alivaa miwani minene aliyoifunga kwa ukanda wa mpira kisogoni isimdondoke akikimbia. Utauliza, refa asiyeona mbali anachezesha vipi? Anachezesha kwa miguu. Marefa wengine walisimama katikati ya uwanja, wakanyoosha mkono na kubahatisha. Kadi alikuwa juu ya mpira muda wote, karibu kiasi cha kusikia wachezaji wakihema na kutukanana, na mambo ya kuotea aliwaachia washika vibendera, ambao aliwafokea walipozubaa. Alikimbia hivyo miaka nenda rudi, jua la mchana likimpiga utosini, kichwa wazi. Kofia hakuitaka. Alisema refa mwenye kofia anafanana na mtazamaji aliyepotea njia. Mafuta ya kuzuia jua aliyopewa kliniki aliyapaka alipokumbuka, na kumbukumbu yake kwa mambo hayo ilikuwa mbovu kwa makusudi.

Tena alikuwa na sheria moja aliyoishika kama dini: akishaamua, ameamua. Aliwahi kukubali bao lililopitia ubavuni, kwenye wavu uliotoboka. Tundu akaliona, na bado akaonyesha mkono katikati ya uwanja. Nyumbani mambo yalikuwa vile vile. Siku moja alisema mboga imezidi chumvi. Mkewe akamwambia mboga hiyo haijatiwa chumvi hata chembe, ilikuwa imesahauliwa. Kadi akaila yote huku amekunja uso kwa ukali wa chumvi.

Ngozi nayo ilikuwa ikihesabu yake kimyakimya. Vilianza vipele vikavu kwenye paji la uso, kisha juu ya masikio, kisha migongoni mwa mikono, na ukipitisha kidole ulihisi msasa. Kadi alivibandua kwa kucha. Vikarudi. Akavibandua tena, kwa hasira, kama mtu anayegombana na jirani. Kwenye mdomo wa chini palitokea utando mweupe wenye ufa katikati, pale pale filimbi inapokaa, na ufa huo haukufunga. Yeye alisema filimbi ndiyo inayomkwaruza.

Kilichompeleka hospitali ni aibu, maana kwa maumivu asingekwenda. Katikati ya mechi alijifuta jasho, akatonesha kipele cha kwenye paji, kisha akachomoa kadi ya njano kwa vidole vile vile. Mchezaji aliyeonyeshwa akaitazama kadi ilivyopakaa damu, akauliza kwa adabu zote, "Refa, hii ni ya njano au nyekundu?" Uwanja mzima ukacheka. Kadi akachomoa nyekundu halisi ili kumwondolea shaka, lakini kicheko kilimfuata mpaka nyumbani, na mkewe, ambaye alikuwa amesikia kabla hajafika, alikuwa ameshavaa viatu.

Daktari wa ngozi alikuwa mama mfupi mwenye sauti iliyokauka, sauti ya mtu aliyeshinda akirudia jambo moja kwa watu wasiosikia. Chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba, taa yenye kioo cha kukuzia, na kiti kimoja ambacho mke alikikalia bila kukaribishwa. Daktari akamwinua Kadi kidevu, akamgeuza huku na huku, akapapasa kila kipele kwa kidole gumba.

"Haya hukuyaona?"

"Nimeyaona."

"Ukayafanya nini?"

"Nimeyabandua."

"Ameyabandua," daktari akamwambia mke. "Mama, mumeo anajibandua ngozi kama rangi ya ukuta."

"Daktari, mimi nimesema mpaka ulimi umeota sugu."

Daktari akatoa tyubu ndogo kabatini, akaiweka mezani, akaifunika kwa kiganja, kana kwamba Kadi angeinyakua na kukimbia. Akamweleza. Madoa yale bado hayajawa saratani, ni ngozi iliyoharibiwa na jua, ila mojawapo linaweza kugeuka siku yoyote na hakuna ajuaye ni lipi. Dawa ile ya kupaka huitafuta ngozi mbovu na kuiunguza, na nzima huiacha. Ni asubuhi na jioni, mwezi mzima, bila kuruka.

"Wiki ya kwanza utasema nimekupa maji ya bomba," alisema. "Ya pili utaanza kuwaka. Ya tatu utanitukana. Uso ukishakuwa wa kutisha, ujue dawa inafanya kazi. Wengi huacha hapo, na wakiacha hapo wameungua bure. Jua ulikwepe. Na mdomo." Hapa alimgusa ule ufa, Kadi akashtuka. "Mdomo ndio usiutanie. Doa la mdomoni likigeuka, linakwenda mbio kuliko haya mengine yote. Huko kwingine ukiteleza siku moja nitakusamehe. Mdomoni usiteleze."

"Utavimba?"

"Utavimba, utapasuka, chai ya moto utaitazama tu."

Kadi akaupitisha ulimi juu ya ufa. Anayemfahamu angejua kwamba uamuzi ulipita hapo hapo.

Maana mwisho wa mwezi ule kulikuwa na fainali. Miaka yote hiyo hakuwahi kupewa fainali hata moja. Mwenyekiti wa ligi, muuza magodoro mwenye sauti ya upole, kila mwaka alimwambia yeye ni refa mzuri sana, kisha akampa mwingine, na huku nyuma alisema fainali haiwezi kuchezeshwa na mtu wa kubahatisha kwa macho. Mwaka huu marefa wawili waliokuwa wakipokezana walitwangana makonde mbele ya kamati wakigombania posho, wote wakafungiwa. Akabaki Kadi. Fainali ilikuwa kati ya timu ya sokoni na timu ya magereji, na Kadi aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote, ndoa yake ikiwemo, na mkewe alilijua hilo na halikumpendeza. Refa mwenye mdomo uliochanika hawezi kuibana filimbi. Upepo unavuja pembeni, filimbi inapumua badala ya kulia, na watu wenye chuki nawe wanapata cha kusimulia mwaka mzima.

"Kuna filimbi za kubonyeza kwa mkono," mkewe akamwambia wakitoka. "Nimeziona kwenye simu."

"Hizo ni za kufukuzia mbwa."

Basi wakaanza. Mkewe ndiye aliyempaka, kwa sababu Kadi mwenyewe masikio hakuyaona na kisogo hakukifikia. Alivaa glavu, akaminya dawa kiasi cha ncha ya kidole, akaitandaza kwenye paji, mashavu, masikio, mikono, akikwepa macho. Kidole kilipokaribia mdomo, Kadi aligeuza uso ukutani.

"Mdomo."

"Baada ya fainali."

"Daktari kasema..."

"Nimesikia alichosema. Nimesema baada ya fainali."

Ikawa hivyo kila siku. Mke hakuacha kuuliza, mume hakuacha kugeuka.

Wiki ya kwanza kweli hakukuwa na kitu, na Kadi alimsema daktari kwa kila aliyemsikiliza. Kisha ngozi ikaanza kuwasha, halafu kuwaka, mwako wa pilipili iliyosahauliwa kidoleni, ila huu haukuisha kwa kunawa. Mabaka mekundu yakajitokeza hata mahali ambapo hakujua kuna doa, kwa sababu dawa ilikuwa ikiona asichokiona yeye. Yakatoa maji, yakapiga magamba, yakapasuka alipotabasamu, ingawa tatizo hilo kwake halikuwa kubwa. Foronya ilimganda shavuni akaibandua kwa maji ya uvuguvugu. Alilala mgongo kama maiti. Sabuni ilimuuma, jasho lilimuuma, mvuke wa sufuria ulimuuma, na yeye naye akawa anamuuma kila aliyepita karibu. Alimfokea mkewe kwa kupumua. Mkewe akamwambia ataacha kupumua akishamaliza kumzika, kwa hiyo akae atulie apakwe.

Mtaani maneno yakasambaa. Alibadilisha zamu akawa anasoma mita asubuhi kabla jua halijapanda, amevaa mikono mirefu, lakini uso haufichiki. Watu wakahitimisha kwamba kuna aliyefungiwa maji akammwagia mafuta ya moto. Hilo lilipokewa kwa furaha. Kila nyumba ilidhani ni nyumba nyingine, na mama mmoja wa mtaa wa juu, aliyefungiwa mara nyingi kuliko wote, alipelekewa pongezi na majirani, akazikanusha kwa namna ya mtu anayependa ziendelee. Wengine walisema amejipaka mkorogo.

"Huyu naye anajichubua ili awe nani?" muuza mkaa mmoja aliuliza, Kadi akisikia.

Kadi akainama, akafunua mita ya muuza mkaa, akaisoma polepole sana. Hakuwa na deni. Kadi aliumia roho.

Siku moja jioni alijitazama kwenye kioo cha bafuni. Uso ulikuwa kama kiazi kilichomenywa nusu na mtu mwenye haraka. Akaona basi. Akamwambia mkewe hapaki tena, daktari ni mwuaji mwenye leseni, na ile tyubu aitupe chooni. Mkewe, ambaye naye alikuwa amechoka kupigiwa kelele, hakubisha. Alivua glavu akaiweka juu ya meza.

Ndipo mwenyekiti wa ligi akabisha hodi.

Aliingia amebeba masikitiko yake yote usoni. Akakaa ukingoni mwa kochi. Akawekewa soda, akaishukuru, akaisogeza mbali kidogo.

"Ndugu yangu," akaanza, "kamati imekaa. Imeona upumzike. Afya kwanza. Fainali tumempata kijana kutoka ligi ya jirani."

"Mimi sijaomba kupumzika."

"Najua. Ni kwa ajili yako. Na tuseme ukweli, manahodha wameleta maneno. Wanasema hawawezi kukupa mkono. Wanaogopa kuambukizwa."

"Hiki hakiambukizi. Ni dawa."

"Mimi naelewa. Lakini watu..."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Mke alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Yeye ndiye aliyeomba miaka yote mumewe aache mpira, na kama mwenyekiti angekuja na ujumbe ule mwezi uliopita angempikia. Lakini alikuwa ameiona ile soda.

"Shemeji, mbona hunywi?" akauliza.

"Nimeshiba, shemeji."

"Umeshiba soda?"

"Nimetoka kunywa sasa hivi."

"Soda ilikuwa na kizibo. Nimeifungua mbele yako. Nani kaipumulia?" Akaja, akaichukua chupa, akaimimina yote kwenye sinki. "Nenda kawaambie watu wako kwamba mimi nalala naye kitanda kimoja na ngozi yangu hii hapa. Akiondolewa, nakuja uwanjani mimi mwenyewe siku ya fainali nieleze kwa kipaza sauti jinsi mwenyekiti anavyoogopa kizibo."

Mwenyekiti alicheka kicheko cha watu wa biashara, akasema hakuna haja ya kufika huko, kamati itakaa tena. Alipoondoka, Kadi aliichukua ile glavu mezani, akamnyooshea mkewe. Kisha akasema, "Lete hiyo tyubu."

Nakuambia ukweli, hakumaliza dawa ile kwa kuipenda afya yake, wala kwa kumwamini daktari. Aliimaliza kwa chuki. Kila jioni aliketi kwenye kigoda, akafumba macho, na dawa ilipoanza kuunguza akamfikiria mwenyekiti. Mdomo akaendelea kuugeuza ukutani.

Kamati ilikaa tena, na Kadi akachezesha fainali. Ilianza alasiri jua likiwa limeshalegea, ila lilikuwa jua bado. Mkewe alimpaka mafuta ya kuzuia jua pale palipokuwa pazima, akamshikia kofia mpaka getini, akarudi nayo. Nahodha wa magereji alimpa kiwiko badala ya mkono. Wa sokoni hakumpa chochote. Jukwaani watu walimwita yale majina ambayo kila mwenye ualbino ameitwa tangu shule ya msingi na ambayo mimi sitayapa nafasi hapa, wakaongeza na mapya ya magamba. Jasho lilipoanza kuingia kwenye nyama mbichi ya paji, alihisi kama anapigwa pasi. Hakupunguza mbio. Alikuwa pale mpira ulipo, na wachezaji walipomwona uso ule umewasogelea, walirudi nyuma, jambo lililomsaidia sana kuona.

Mwishoni, magereji wakiongoza kwa bao moja, mshambuliaji wa sokoni alianguka ndani ya eneo la hatari akapiga yowe la kuzaa. Uwanja mzima ukasimama ukidai penalti. Kadi alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Hakuna aliyemgusa yule kijana. Akapuliza filimbi, ikatoka kali na safi, ikakata yale makelele yote, akamwonyesha kadi ya njano kwa kujiangusha. Chupa za maji zikaanza kuruka kutoka upande wa sokoni. Moja ilimpata begani. Kadi alisimama wima katikati ya chupa zile, mdomo wake mzima umeibana filimbi, na akawa na furaha ambayo hakuwahi kuipata nyumbani kwake, na hiyo nayo ni aibu kuisema.

Baada ya hapo hata mwenyekiti alikiri kwamba mechi ilishikwa vizuri. Akampa mechi ya ufunguzi wa msimu mpya. Dawa ikaachwa mwezi ulipotimia, magamba yakadondoka, na chini yake ikatokea ngozi ya waridi, laini, isiyo na kipele hata kimoja, ambayo mkewe alijikuta akiipapasa bila sababu. Alimkumbusha mdomo. Tyubu ilikuwa na dawa kidogo imebaki. Kadi alisema ufunguzi uko karibu, baada ya ufunguzi. Halafu akasema amechoka kuungua. Halafu akasema mbona mdomo wenyewe hauumi.

Siku ya kurudi kliniki aliingia amenyoosha shingo kama mtu anayekwenda kupewa kombe. Daktari alimkagua paji, masikio, mikono, akaguna kwa kuridhika, na kwa mama yule hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kisha akavuta taa, akamshika mdomo wa chini akaugeuza nje.  Utando mweupe ulikuwa umenenepa, na ufa ulitoa damu alipougusa.

"Hapa ulipaka?"

"Nilipaka."

Mke aligeuza kichwa akamtazama.

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

Daktari akazima taa. "Basi dawa imeshindwa. Na kinachoishinda dawa hii mimi sikichekei. Tutaukata." Akamwonyesha kwa kidole kwenye mdomo wake mwenyewe, kipande cha pembe tatu, kisha kingo mbili zishonwe pamoja. Kula atakula, kuongea ataongea. "Unapuliza filimbi, si ndiyo? Hiyo sahau." Akampangia siku ya wiki iliyofuata. Kadi akasema sawa. Akainuka, akashukuru, akatoka.

Kwenye korido mkewe alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la wagonjwa akaketi, mkoba mapajani.

"Twende," Kadi akasema.

"Nenda."

"Mama Watoto, twende nyumbani."

"Mimi sitoki hapa. Mkono huu ndio uliokupaka. Naujua uso wako kuliko wewe. Mdomo ulikuwa unaugeuzia ukutani kila siku, na sasa unamwambia mtu wa watu dawa imeshindwa. Akukate kwa kitu ambacho hakijatokea?"

"Nimeshasema."

"Umeshasema. Haya, nenda kakatwe na ulichosema."

"Si ungesema wewe, kama unajua?"

"Niseme mimi?" Sauti yake ilipanda, wagonjwa wakageuka. "Nimekusemea kwa mwenyekiti, nimekusemea kwa majirani, nimekusemea kwa watoto wako unaowafokea. Hili sikusemei. Mdomo ni wako."

Kadi alisimama. Alijaribu kununa, ikashindikana. Aliogopa kisu. Aliogopa kuamka na mdomo usioweza kubana kitu. Na juu ya yote hayo, bila haya, aliogopa zaidi kurudi mle ndani akasema vingine. Alitazama mlango. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anatazama ukuta. Kisha akaenda akausukuma mlango bila kubisha.

"Mzee, kuna foleni!" mtu akapiga kelele.

Ndani kulikuwa na mgonjwa mwingine, dereva wa lori aliyekunja suruali mpaka gotini, mguu juu ya kitanda. Daktari hakugeuka.

"Mdomoni sikupaka," Kadi akasema.

"Sijasikia."

Alikuwa amesikia. Hata dereva alikuwa amesikia.

"Nimesema sikupaka. Hata siku moja. Nilikudanganya." Akarekebisha miwani. "Nimekosea."

Neno hilo lilitoka limepinda, kwa kuwa lilikuwa halijawahi kutumika. Daktari aliuacha mguu wa dereva. Alimjia Kadi karibu, na kwa ufupi wake ilibidi atazame juu, lakini Kadi ndiye aliyejiona mfupi.

"Unajua ningekata nyama nzima ya mtu?" alisema taratibu. "Kwa kiburi? Mimi nikae usiku niwaze kwa nini dawa imeshindwa, kumbe haijaingia hata mlangoni?" Akafungua kabati, akatoa tyubu, akachukua kijiti chenye pamba. "Fungua. Usinitazame hivyo, fungua. Mwezi mmoja. Mwisho wake nikikuta bado liko, nakata na sikuulizi lolote. Filimbi msimu huu huigusi. Unaokuja sijui."

"Nina mechi ya ufunguzi."

"Ulikuwa nayo."

Dereva akacheka, akaona daktari anamtazama, akaacha. Pale pale, mbele ya dereva na ya watu waliokuwa wanachungulia mlangoni, daktari alimpaka Kadi mdomo wa chini, polepole, pembe hadi pembe. Dawa ilikuwa chungu. Kadi akafungua mdomo aulize kama mwenyekiti anaweza kumhifadhia nafasi ile mpaka...

"Nyamaza," daktari akasema. "Unailamba. Nusu saa usifungue mdomo."

Wakaenda nyumbani kwa miguu, upande wa kivuli, mkewe amemvalisha kofia. Mkewe ndiye aliyesema, njia nzima. Alimweleza habari ya mboga isiyo na chumvi, na ya bao la ubavuni, ambalo alilisikia kwa watu. Akamweleza mambo ya mwaka waliooana ambayo alikuwa ameyaweka kifuani mpaka yakaota mvi. Alimwita Kadi, akamwita majina mengine. Kadi alitembea amebana midomo, dawa ikimwasha, akipokea yote bila filimbi.

Mlangoni mkewe alitoa ufunguo, akauchomeka kwenye kitasa bila kuuzungusha.  Kisha akakiegemeza kichwa kwenye mlango.

"Niliogopa," alisema, bila kugeuka. "Ungekaa kimya mle ndani, ningekuona ukikatwa, na nisingekusamehe. Niliogopa kwamba nisingekusamehe."

Kadi akataka kusema kitu. Mkewe akageuka, akamwekea kidole hewani mbele ya mdomo, karibu bila kuugusa.

"Nusu saa haijaisha," akasema, akafungua mlango.